Utenzi wa Shoti

Lamu haina stesheni
wala reli mitaani,
ila hapa kwangu ndani
garimoshi lapitia.

Ni la kimo cha kidole,
lakohoa kama lile
nilolitunza, la kule
Voi nikihudumia.

Jirani akiuliza,
“Treni yenu yapakiza
nini?” nami humjuza,
“Njugu moja, abiria.”

Juzi, baada ya isha,
swichi nilipoiwasha
taa ikajizimisha
na injini kutulia.

Kisanduku kina joto
kama chapati ya moto,
nikachomoa; na nzito
harufu ikabakia.

“Ni shoti,” nikatamka,
“umeme umechepuka;
pahali unapovuka
ndipo pa kutafutia.”

Nikainua injini;
mabehewa, kitandani
nikayalaza foleni.
Bado shoti yasalia.

Chumvi yetu ya kisiwa
ikawa yalaumiwa,
kutu nayo ikapewa
fungu lake la hatia.

Nikamhoji na Lali:
“Mjukuu, sema kweli,
ni nani kagusa reli?”
Akaapa, akalia.

Basi nikaacha watu,
reli vipande vitatu
nikatenga, kila kitu
kwa mita kukipimia.

Cha kwanza hakikusema,
cha pili wala kuhema,
cha tatu kikaungama:
mita ikashangilia!

Ndicho kipande cha pango
la gazeti na udongo.
Nikaupinda mgongo,
tochi nikamulikia.

Pakang'aa kama nywele:
reli hii hadi ile,
sindano nyembamba mle
daraja imejitia.

Ya Mwanashee sindano,
iliyotoka mkono,
kofia ikose shono
aliyonidarizia.

“Wewe wapoteza vyote!”
nilimkejeli; wote
wakacheka. Leo mate
makavu yanishukia.

Ulimi nao ni waya
uliovuliwa haya:
ukigusa tu pabaya
nyumba nzima huzimia.

Asubuhi nikapika
chai, nikaipeleka,
na sindano nikaweka
sahanini, yang'aria.

Hakucheka, hakununa;
akatunga uzi tena,
akasema, “Yule mwana
aliapa. Wasikia?”

Swichi nikampa Lali;
akawasha; kwenye reli
zikapita njugu mbili,
ya kwake na yangu pia.