Mshika Kinasa Sauti

Mpiga picha alitaka nyuso. Mimi nilitaka sauti,
ndiyo kazi iliyonileta hapa Louisiana,
korido ya mahakama inayonuka dawa ya sakafu,
nikambana wakili Odalie Guidry kinasa
chini ya ukosi wa koti lililofumuka kwapa.

Asubuhi ile alikuwa na watu thelathini na mmoja.
Piga hesabu mwenyewe: muda wa saa nne,
toa mapumziko ya hakimu, gawanya.
Dakika saba kwa kila roho,
na chooni hajaenda.

Masikioni mwangu yaliingia yasiyopigika picha:
tumbo lake likinguruma,
kalamu ikikwaruza bila wino,
wafungwa kumi na wawili wa mnyororo mmoja
wakiketi kwa mlio wa droo ya vijiko.

Lonzell Batiste, miaka kumi na tisa,
siku arobaini na sita ndani
kwa mashine ya kukatia nyasi
anayosema ni ya mjomba wake.
Dhamana dola mia tisa.
Mama yake ana mia mbili na sitini, na basi halipiti Jumapili.

Mwendesha mashtaka ametuma karatasi:
kiri, ulale kwenu leo;
kataa, tuonane Machi.

"Nikikiri nisilotenda," Lonzell aliuliza,
"si nitakuwa nimeidanganya mahakama?"

Odalie hakujibu.
Nilipima ukimya ule: sekunde kumi na moja.
Ndani yake kuna mate yakimezwa,
kidole kikialikwa,
kikohozi cha askari mlangoni.

Mhariri aliukata.
Alisema watazamaji watadhani mitambo imeharibika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Alipewa. Kwa maandishi, nakala tatu,
sahihi hapa, na hapa, na hapa.
"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Lonzell,
kwa sauti ndogo hata nikalazimika kuipandisha.

Jioni Odalie alisahau kunirudishia kinasa.
Nilikuwa bado nimevaa vipokea sauti, nikikunja nyaya,
nikamsikia garini, mlango umefungwa,
biskuti ikivunjika,
halafu majina, moja moja, polepole,
kama mtu anayehesabu watoto juu ya paa
maji yakipanda.

Nilipaswa kuzima.

Alifika thelathini, akakwama.
Akaanza upya.