Kwa Feruzi, Aliyesema Akili Inatosha

Ulisema akili inatosha, Feruzi,
ukipuliza chai, kiatu juu ya jiwe la volkeno
ambalo baba alilichonga likawa ukuta wetu.
Sikukujibu. Nilikuwa nahesabu pesa za maharage.

Leo nakujibu.

Sokoni Virunga nina kopo langu,
Mama Kavira ana lake, limebonyea kitako.
Akiniuzia, kopo ni kopo.
Akinunua kwangu, anataka lijae mpaka lifanye kilima.
Nami nisijitakase, ndugu yangu: vivyo hivyo.
Akili tunazo sote wawili, tena kali,
ndizo zilizotufundisha kubonyeza bati.
Ninachodai nakiita haki,
ninachodaiwa nakiita uonevu.
Nani atuletee kopo lisilo langu wala lake?
Usiniambie serikali. Utacheka mwenyewe kabla yangu.

Halafu, unakumbuka Mugunga?
Alfajiri ile, kibonde, majani mabichi.
Mbuzi wa Hangi akashuka kula,
mtoto akamfuata na kamba mkononi.
Macho yake yalikuwa mazima, na kumekucha.
Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna rangi:
mazuku hayapigi hodi.
Jicho lisingeona, maana hapakuwa na kitu cha jicho.

Ni Asumani aliyepiga kelele toka barabarani,
akiacha chukudu yake ianguke na makaa yake yote.
Hajasoma, Asumani. Vumbi mpaka kwenye kope.
Alijuaje?
Aliambiwa na aliyeambiwa,
na mwanzoni kabisa mwa mnyororo ule
yupo aliyeonyeshwa
kile ambacho sisi hukijua kwa kufa.

Mimi muuza maharage naielewa hivyo kazi ya Mitume.
Na wakawa watu, wanaokula, wanaotembea masokoni,
kwa kuwa malaika angetupigia kelele toka mawinguni
nasi tungeduwaa tukitazama mbawa.
Mtu akiogopa, unaiona hofu yake, unasimama.

Sisemi akili ni bure, Feruzi.
Nimeiweka mahali pake tu.
Mtoto alisikia, akapima, akageuka,
akapanda akikohoa, kamba bado mkononi.

Mbuzi alisikia sauti ileile.
Akaendelea kula.