Utando

Saskatoon, Septemba nzima.
Mghoi anakoroga wanga wa viazi,
protini ya njegere, tone la gliserini;
anamwaga juu ya kioo, anangoja.

Ni ule ule utando wa uji
aliokuwa akiuengua kwa kidole
na kuupaka chini ya meza, mama asione.
Leo analipwa mshahara autengeneze.

Wa kwanza ulipasuka. Wa nne
ulilowa jasho la tango ukawa kamasi.
Wa kumi na moja ukashika.
Akauzika uani kabla ardhi haijaganda,
akachomeka kibao cha plastiki: tarehe, namba, jina.

Mei akachimba.
Nyungunyungu, vijizizi, unyevu.
Utando hakuna.

Kibao kipo,
wino haujapauka hata herufi moja.