Mlangoni

Siku kumi na moja nimekaa mgongo kwenye skrini,
kopo la maziwa mapajani, tochi kwapani,
nakata tiketi: mia tano mkubwa, mia mbili mtoto,
wa kunyonya bure, akilia atoke na mamake.
Filamu yenyewe sijaiona hata chembe.
Niulize lakini, nitakusimulia yote.

Ukumbi wa Shaame Ngwali hapa Wete ulikuwa ghala la karafuu,
mlango wake uko ubavuni mwa skrini,
basi mimi natazama wanaotazama:
nyuso mia mbili zikigeuka buluu, zikigeuka nyekundu.
Wakiinua shingo wote kwa pamoja, najua karuka.
Wakinyamaza hata feni ikasikika,
najua keshanyang'anywa nguvu
na yule bwana mwenye jicho la chuma.
"Nyuma yako, ewe! Nyuma yako!"
Hasikii. Usiku wa nane sasa hasikii,
na bado wanamwonya.

Alasiri ya Jumamosi ni ya kina mama.
Bi Mkasi Othman kaja na mkoba wa ubuyu na maswali matatu:
nguo ile inayombana hivyo humfulia nani,
anakula saa ngapi,
na mamake je, anajua mwanawe analala juu ya paa?
"Mji mzima kauokoa,
hapana hata mmoja wa kumwambia karibu chai!"
Kicheko kilichotoka hapo
kilimwamsha mtoto wa Raya, kikambembeleza, akalala tena.

Msimu mwaka huu umekubali.
Noti zinakuja na harufu ya makonyo,
nyengine rojo kwa jasho,
na vidole vinavyozileta ni vyeusi hadi kuchani.
Wanatoka Piki, Pandani, Gando,
wamelipwa kwa pishi, wanataka kuona mtu akiruka.
Shaame kaongeza onyesho la saa tano za usiku,
kaazima viti vya harusini,
kopo analala nalo chini ya mto.
"La pili, Mize! Lete kopo la pili!"
Tangu afungue hajapata filamu ya kujaza kopo,
na hilo kamwambia kila mtu, hata imamu.

Katika hesabu hiyo, elfu tano na mia tano
ni za mtu mmoja.

Khatib Faki, mchumaji.
Huja kachelewa, makusudi. Hulipa kamili. Hakai.
Husimama penye nguzo ya tatu
akangoja pale kijana anapoteleza kutoka juu ya mnara.
Napajua pale: ukumbi wote huvuta pumzi mara moja,
kama ndoo inapozama kisimani,
kisha bwana wa joho anashuka, anamdaka,
na viti vya watu vya harusi vinapinduka,
watoto wanarukiana mabegani,
mtu anapiga takbiri.
Khatib hutoka.
Yaliyobaki hayamhusu, wala vita,
wala busu ambalo Shaame huliziba kwa kiganja
mbele ya projekta.
Usiku wa sita nikamwambia, "Nikurejeshee nusu?"
Akasema, "Nilicholipia nimekiona."

Sote twajua. Msimu ule mwengine,
nduguye Maulidi, miaka kumi na minne.
Tawi la mkarafuu halikupi onyo.
Khatib alikuwa chini yake,
mikono imejaa karafuu.

Jana ulikuwa usiku wa mwisho, filamu inakwenda Chake.
Shaame, kwa furaha ya makopo mawili, akanambia:
"Leo geuza kiti, Mize. Bure."
Nikageuza.
Rangi zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.
Kisha ile pumzi ikavutwa,
na mimi, mjinga mimi, nikageuka tena
kutazama nguzo ya tatu.

Mikono kaitanguliza mbele,
viganja juu,
havina kitu.

"Umeionaje?" Shaame aliniuliza, akifunga kufuli.
Nzuri, nikamwambia.