Saini ya Shahidi

Dirisha langu la malipo lina mwanya chini ya kioo,
upana wa kiganja. Hapo hupita bili, noti, hundi,
na mikono. Miaka ishirini na sita
naijua Tarpley Creek kwa mikono yake:
wa Hosea Mims, wenye vidole vitatu, viwili vilibaki kiwandani,
akitoa sarafu moja moja kama anayejing'oa meno;
wa Bi Odessa, unaonukia vitunguu;
wa kijana wa Pruitt, usiotaka kuiachia noti ya mwisho.

Nauza kitu ambacho sijawahi kukiona.
Gesi haina rangi. Hata ile harufu ya yai viza
tumeitia sisi, ili mtu aamke kabla ya kifo.
Kinachoonekana ni bili.

Februari ile ya barafu, tuliona.
Nyaya zililala barabarani, misonobari ikapasuka
usiku kucha kama bunduki, na huko sokoni,
mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kufika,
bei ikapanda mara arobaini
kati ya Jumapili na Alhamisi.
Siku nne zikala bajeti ya mwaka.
Kuni za uchagani, walisema wahenga, huzicheka za motoni;
wiki ile uchaga ulikuwa mtupu.
Deni tulilipa miezi kumi na minane,
na mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti kupitia mwanya ule.
Kwa Hosea, mara mbili.
Mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya.

Usiku huu mkataba umeletwa ndani ya sanduku.
Kurasa mia tano na kumi. Mwanasheria wa Birmingham
amevaa viatu visivyoyajua matope yetu.
Anasema: miaka thelathini. Mji ukope,
uilipie leo gesi ambayo bado imelala ndani ya mwamba,
nayo ije kidogo kidogo, kila siku,
senti thelathini chini ya bei ya soko kwa kila kipimo.

“Na soko likipanda mti?” anauliza Delmus Crowder, muuza matairi.
“Mtapanda nalo,” anajibu yule, “tawi moja chini.”
Delmus anacheka bila meno kuonekana.
“Thelathini! Mimi betri siipi dhamana ya mitatu.”

Bi Odessa hajacheka. Anasema tu
kwamba tawi moja chini
ni kilo mbili za maharage, kila mwezi, kwa nyumba elfu moja na mia nne,
na kwamba yeye amewahi kulala na koti.

Pembeni, mjukuu wake Tavian, penseli mdomoni,
anaacha hesabu za shule, anafanya ya kwetu:
“Nitakuwa na miaka thelathini na tisa.”
Kisha, kwa sauti ya chini zaidi:
“Nitakuwa bado hapa?”
Hita ukutani ikalia *tak*, ikajizima.
Hakuna aliyeandika swali lile kwenye kumbukumbu za kikao.
Kuandika ni kazi yangu. Sikuandika.

Watatu wakakubali. Wawili wakakataa.
Nikatia saini mahali pa shahidi.
Shahidi hasemi kama jambo ni jema.
Anasema: nilikuwepo, niliwaona, kalamu ilikuwa nyeusi.
Siku ya mwisho ya karatasi ile nitakuwa na themanini na minane,
au jiwe lenye jina langu, nyuma ya kanisa,
mahali bomba halifiki.

Nyumbani nikazungusha kitufe. Moja, mbili, la tatu likashika:
taji la buluu, dogo, chini ya sufuria.
Nikalipunguza. Mazoea.

Asubuhi Hosea alikuwa wa kwanza.
“Imeshuka?”
“Bado. Novemba.”
Akahesabu zote, polepole, mpaka ya mwisho,
kisha akasukuma senti moja zaidi mwanyani
kwa kidole kile cha kati.
“Hiyo,” akasema, “niwekee ya Novemba.”