Kura Mbili kwa Mbili

Sheria ya jimbo inanitaka niandike matatu:
hoja, aliyeitoa, na kura zilivyoanguka.
Haya mengine nayaandika nyumbani,
kwa wino nilioununua mwenyewe.

Tulikutana maktaba, kwenye viti vya darasa la pili,
watu wazima magoti yakigusa kidevu.
Nje, theluji. Ndani, mashine ya joto
ikikohoa kama mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema.
Akidi: wanne kati ya watano.
Orvin Tschetter ana mafua.

Mwanafunzi ameandikwa S. O.,
maana sheria humficha mtoto
hata katika mji unaojua namba ya viatu vyake.
Solveig Ostrem. Miaka kumi na mitano.

Kosa lake ni barabara.
Ya changarawe, upana wa trekta mbili:
huku wilaya yetu ya shule, kule wilaya ya jirani.
Baba yake alifuata visima vya mafuta
na hajarudi hata kuchukua koti.
Binti akahamia ng'ambo, kwa shangazi wa mama yake,
kwenye nyumba ya magurudumu iliyosahau safari.
Kila asubuhi anavuka, hatua kumi na moja
(nimezihesabu),
kungoja basi letu.

"Mkazi ni yule alalaye ndani ya mipaka."
Verlon Hauck, mwenyekiti, muuza matairi,
alikisoma kifungu mara mbili, polepole,
kama anayetafuta tundu kwenye mpira.
Hakuwa mkatili; naliweka hilo hapa
kwa kuwa kule halina safu yake.
Alisema, "Kila kichwa ni fedha ya jimbo.
Tukihesabu kichwa kisicho chetu, watatudai,
na wa kwanza kuondoka ni mwalimu wa muziki."

LaDonna Brandvold, muuguzi, akauliza
usingizi hupimwa kwa kipimo gani:
"Mimi nakesha hospitalini usiku nne kwa wiki.
Basi ni mkazi wa wapi?"
Kimya. Mtu akamenya peremende.

Bi Thora Lindvig alipewa dakika tatu, kama kila raia.
Ya kwanza aliimaliza akivua glavu.
Ya pili, akitafuta miwani.
Ya tatu akasema, "Anakula vizuri. Anasoma hadi usiku.
Taa ninayo moja tu, nimempa yeye."
Kengele ikalia.

Binti akaulizwa kama ana neno.
"Nikiondolewa," akasema,
"klarineti niirudishe lini?"
Mwenyekiti akafunua kabrasha, ukurasa, ukurasa,
akalifunga.

Ndiyo, mbili. Hapana, mbili.
Na hoja iliyofungana huanguka.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniuliza.
Ajenda hubandikwa mlangoni siku tatu kabla;
sheria imetaja siku, imetaja mlango,
haikutaja hoja itazamishwe upande gani.
Verlon alinipigia simu: "Weka lile suala la binti."
Ningeweza kuandika: Kumruhusu abaki.
Niliandika: Kumwondoa.
Aliyepita akasoma alidhani nina roho ngumu.
Lakini siku mbili nyuma, kwenye foleni ya mkate,
nilimsikia Orvin akikohoa kifua kizima,
nami hesabu ya kutoa moja kwenye tano
nilifundishwa katika jengo hilihili.

Kumbukumbu zinasema: Hoja imeanguka.
Kikao kimefungwa saa mbili na dakika arobaini usiku.

Asubuhi basi likasimama, taa zikimetameta.
Akavuka, kasha la klarineti likimgonga goti,
bila kutazama chini
pale mpaka unapopita.

Mwezi ujao Orvin atakuwa amepona.
Nimeanza kufikiria vitenzi.