Shahamu ya Figo

Usinitolee mizani, Faki Asaa.
Mizani ni ya nyama.
Shahamu hupimwa kwa jicho, kwa kiganja,
kwa kukumbuka nani alimzika nani.

Marehemu baba yako, papa hapa sokoni Wete,
kwenye gogo hili hili lililoliwa na shoka katikati,
akininyofolea ile ya figo,
nyeupe, kavu, inayomomonyoka mkononi,
akaifunga kwa jani la mgomba
akaniteremshia kikapuni kama mtu anayeficha barua.
"Peleka, Mize. Msalimie fundi."
Bei yake ilikuwa hiyo: salamu.

Leo wasema elfu tatu kwa nusu kilo.
Tena wanicheka, eti nanunua presha kwa pesa yangu.
Nimeshaambiwa. Yule daktari kijana
kanichorea moyo kwenye karatasi, na mshipa wake,
akautia wino mweusi mpaka ukaziba:
"Bibi, hii hapa shahamu yako."
Nikamwitikia. Kachora vizuri, mtoto wa watu.

Lakini hii si ya kula yote.
Kipande nitakikatakata, nikitie sufuriani na kikombe cha maji,
moto wa makumbi, moto usio na haraka,
mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kunong'ona.
Vile vikavu vya kahawia vinavyobaki chini
wajukuu watavigombania kwa chumvi na muhogo.
Yaliyobaki nayachuja kwa kanga kuukuu
ndani ya kopo la maziwa ya unga, yagande.
Kijiko kimoja tu kwenye kunde, siku ya vunjajungu,
na kunde zenyewe hujua zimepikwa.
Hayo ya dumu la njano hayajuani na kunde,
huzipitia juu juu kama mgeni wa serikali.

Kuna bawaba ya mlango wa uani,
inayopiga ukelele kila alfajiri nikitoka kutia udhu,
mtaa mzima ukajua Mize kaamka.
Kuna cherehani ya Time. Kuna meno ya mbuzi,
nimekuna nazi jana ikatoka na kutu.

Na itakayobaki, Faki, ni ya mikono.

Unaikumbuka mikono ya Hamad Kombo?
Miaka arubaini akitwanga chokaa na shahamu kinuni
mpaka ikawa deheni, laini kama uji,
akaipaka matumboni mwa mashua za watu kwa kiganja kitupu,
maana brashi, akisema, haisikii ufa.
Chokaa ikimla, shahamu ikimrudishia.
Hivyo wakaenda sawa, kama sisi wawili.
Sasa mashua ni za plastiki, hazitaki deheni.
Shahamu ikaondoka. Chokaa haikuondoka,
imo ndani ya vidole vyake mpaka leo
na kila kiangazi inatafuta pa kutokea.

Usiku naulaza mkono wake juu ya paja langu
kama nguo inayongoja kushonwa,
nasugua ufa baada ya ufa.
Hulalamika nanuka bucha.
Mimi nimelala na harufu hiyo tangu nilipoolewa,
nilisema nini?

Juzi akaniuliza kama mashua iko tayari.
Mashua gani, Faki? Kinu chenyewe wanalalia kuku.
Nikamwambia: bado ufa mmoja.
Akausogeza mkono karibu na taa.

Haya. Hukuniuliza, na watu wamejaa nyuma yangu.
Pima nusu. Ya figo, si ya mbavuni,
na usinijazie vingozi vya mapafu.
Elfu tatu hizi hapa, mia tano ni za sarafu, zihesabu.
Na hicho kidole, mwanangu,
kitoe kwenye mizani.